UZI: Nachurali wa Moshi na Arusha, acha kufuata kalenda ya balki na kukata ya Wamarekani

#1 Mgumu_Pasua

Wakuu salama? Huu uzi niliahidi tangu kipindi kile kwenye ule uzi wa benchi, tripu zikanibana, leo mvua inanyesha Moshi toka alfajiri na niko nyumbani na chai ya maziwa, acha niuandike wote kwa mkupuo. Kwa wageni wa haya mambo, nachurali ni anayejenga mwili bila sindano, balki ni kula ziada ili upande uzito na misuli, kukata ni kula pungufu ili mafuta yaondoke.

Kwa wasionijua mi ni mpagazi mlimani Kilimanjaro, mgumu kama tunavyojiita wenyewe, mwaka wa saba sasa, na vyuma napiga mwaka wa tano kwenye jimu ya uani hapa Pasua. Nikisema jimu usiwaze vioo na feni. Ni banda la mabati, benchi ya mbao iliyofungwa kwa boliti za lori, na zaidi ya nusu ya uzito wetu ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi na bomba la maji katikati. Kopo la kushoto ni zito kuliko la kulia kwa kama kilo hivi, wote tunajua, tunachofanya ni kugeuza baa kila seti. Sindano za kukuza misuli sijawahi, unga wa protini wa kopo nimeonjeshwa mara mbili tu maishani.

Sasa shida iko hapa. Sisi vijana wote tumefundishwa na video za Marekani na Uingereza. Kule mambo mepesi, baridi likiingia mtu anavaa sweta anabalki mpaka shavu linavimba, joto likikaribia anakata ili akavue shati ufukweni. Huku ufukwe wetu uko wapi, mto Rau? Na baridi letu ni mwezi wa sita na wa saba, yaani mwezi ambao mi nina kilo 20 za mzigo kichwani naitafuta kambi ya Shira. Nilichokuja kukielewa, na kimenigharimu mwaka mzima, ni kwamba nachurali anaangalia miezi ambayo maisha yanamruhusu alale, ale na ashike chuma vyote kwa pamoja. Hiyo ndo miezi ya kujenga. Miezi mingine unalinda ulichonacho, na kukata unakuchomeka kwenye kipande kifupi ambacho kazi haikukati tayari.

Niwape mkasa wenyewe. Mwaka juzi mwezi wa sita nilikuwa kilo 76, kiuno 84 kwenye kitovu, benchi (kulala chali na kusukuma baa juu ya kifua) nasukuma kilo 90 mara tano. Nikaona tumbo limeanza kutangulia kufika, nikasema nakata mpaka Septemba. Nikashusha chakula mpaka kama kalori 1,800, wali nikafuta, chapati nikafuta, nikabaki na mchicha, mayai na kipande cha ugali cha kumdanganyia mtoto. Na katikati ya hapo nikapanda mara nne, tatu njia ya Machame moja ya Lemosho. Aisee. Tripu ya tatu tuko kambi ya Barranco, asubuhi tunauanza ule ukuta, miguu ikawa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana. Mwenzangu mmoja mtu mzima akanitua mzigo, akatoa ugali wake wa jana usiku aliofunga kwenye nailoni, akaniambia kula kwanza we mjinga, mwili utautafuta ukishuka. Niliula nimesimama vile vile, baridi, bila mboga, nimeegemea jiwe, na wageni wanapita wananipiga picha wakidhani ndo utamaduni.

Septemba mizani ikasoma 67. Kilo tisa! Nilifurahi siku moja tu. Kesho yake jimu 90 haipandi, 80 haipandi, nikasukuma 72 na nusu kwa kuombewa. Kiuno 80. Yaani kilo tisa zimeondoka na kiuno kimepungua sentimita nne, sasa piga hesabu mwenyewe kilichoondoka ni nini.

Alafu ikaja Desemba. Desemba ya Uchagani siwaelezi, mnaijua. Nilikuwa nimesharudi 71, nikapanda nyumbani Kibosho tarehe 20 na njaa ya miezi mitatu bado imo mwilini. Ndafu, kisusio, machalari, mbege ya mama mkubwa, harusi mbili na kipaimara kimoja. Tarehe 10 Januari mizani 77, kiuno 89, benchi 80. Ikawa mwaka umeanza na mwili fulani umeisha na mwili mbaya kuliko ule, na nimeteseka katikati. Hapo ndo nikakaa chini.

Hesabu kwanza, fupi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700. Ukipunguza kama 440 kwa siku unashuka kilo 0.4 kwa wiki, na kwa mtu wa kilo 75 hiyo ni zaidi kidogo ya nusu asilimia ya uzito wake. Kwa nachurali kasi salama ni kati ya nusu asilimia na asilimia moja kwa wiki, na kadri unavyokauka ndo unatakiwa upunguze mwendo. Kupanda ni taratibu zaidi, robo mpaka nusu asilimia kwa wiki, sisi wa miaka mingi tukae kwenye robo. Misuli ya nachurali haina haraka ya aina hiyo, ukila ziada ya kalori elfu kila siku mwili hautajenga mara nne ya yule anayekula ziada ya 250, utajenga kitambi. Na 250 ni kitu kidogo mno jamani, ni maziwa mililita 400! Watu wanasikia balki wanakimbilia chipsi sahani mbili.

Protini ni gramu 1.6 mpaka 2.2 kwa kila kilo ya uzito. Mi kwa kilo 75 nalenga 140 hivi na sijawahi kununua kopo. Mayai manne ni kama 24, maziwa lita moja 32, dagaa wakavu gramu 50 wanakupa karibu 30 (dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na watu mnamdharau), ugali wenyewe wa unga gramu 300 unakuja na 24, maharage na kipande cha nyama vinamalizia. Ukikata, protini haishuki hata kidogo, unachoshusha ni mafuta ya kupikia na kile kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai, vitumbua na bia.

Sasa kalenda yangu, ya mtu wa mlimani.

Katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Juni ni masika, mlima umelala, wageni wachache. Hapo ndo balki kubwa. Nalala masaa nane, jimu mara nne kwa wiki, majani yapo kila kona kwahiyo maziwa yanapatikana kirahisi. Mwaka jana nilianza na 73 kiuno 81, nikaingia Juni na 75.4 kiuno 83. Kilo mbili na pointi kwa wiki kumi na moja, washkaji wakanicheka, wakasema hiyo si balki hiyo ni kuvimbiwa. Sawa.

Juni mpaka Oktoba ni kulinda. Hakuna kukata, narudia, HAKUNA KUKATA. Mlima wenyewe ni mkataji, kwa makadirio yangu siku moja ya Machame na mzigo inakula zaidi ya siku ya nyumbani kwa kalori elfu na kitu, na juu kule hamu ya kula inakufa. Nikiwa na tripu nabeba karanga, nusu kilo kwa siku sita, na ugali nakula mpaka mpishi anune. Nikishuka geti la Mweka nalala siku mbili, alafu jimu mara mbili kabla ya tripu nyingine, seti chache ila uzito ule ule mzito. Misuli inataka ikumbushwe tu.

Novemba na vuli yake ni balki ndogo, na Desemba nimeiingiza humo humo kwa makusudi, maana siwezi kumwambia mama mkubwa nahesabu kalori, nitaitiwa mchungaji.

Katikati ya Januari mpaka Machi ndo nakata, wiki saba au nane. Tripu zipo ila mi zamu zangu kipindi hicho ni chache, na wiki yenye tripu nakula shibe kabisa, kukata kunasimama kunaendelea nikishuka. Isitoshe Januari ada za shule zinadai, mfuko unakata wenyewe. Safari hii nimetoka 77 mpaka 74, kiuno 79.5, benchi 95. Ukilinganisha na Machi mwaka jana ni kilo moja imeongezeka na sentimita moja na nusu ya kiuno imeondoka. Kwa mwaka wa tano wa nachurali mi naona nimepata.

Haya, karibuni mnikosoe.

#2 chalii_Ngarenaro

Aisee mangi umeua. Hapo kwenye ugali wa nailoni nimecheka peke yangu kijiweni. Sasa mi sio mgumu, mi ni boda hapa Chuga (Arusha), mwaka mzima kazi ni ile ile, nakaa kwenye pikipiki toka saa kumi na moja asubuhi mpaka saa nne usiku. Kilo 81 na kitambi kipo, mikono ipo pia sio kwamba haipo. Mi naanzia wapi, balki au kukata? Kila mtu ananiambia lake.

#3 Mgumu_Pasua

Chalii yangu, kitambi kikishakuwepo usianze na balki. Kasikilize kiuno sio mizani. Nenda kwa fundi cherehani yoyote akuazime futi, pima kwenye kitovu asubuhi kabla ya chai, umetoa pumzi kawaida usivute tumbo kama unapiga picha ya kitambulisho. Kama kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, kata kwanza. Ila usikate miezi sita, kata wiki nane mpaka kumi na mbili, alafu kaa wiki kadhaa unakula kawaida, ndo uanze kupanda taratibu.

Na wewe shida yako naiona sio chakula, ni kulala. Saa nne usiku mpaka saa kumi na moja, ukitoa kuoga na kula na simu, unalala ngapi?

#4 chalii_Ngarenaro

Tano. Sita nikikosa bando.

#5 nesi_wa_Themi

Naomba nidandie hapo kwa tano. Mi ni nesi na naingia zamu za usiku kwahiyo nayajua machungu. Kuna utafiti ulifanyika Chicago ukatolewa 2010, watu kumi wakapewa chakula cha kupunguza uzito, kile kile, kipindi kimoja wanapewa saa nane na nusu za kuwa kitandani, kipindi kingine saa tano na nusu, wiki mbili mbili. Kilo zilizopungua zililingana karibu sawa, kumbe wakilala vizuri mafuta yaliyoondoka ni kilo 1.4 na wakilala kidogo ni 0.6 tu, nyingine ilikuwa ni nyama yao wenyewe. Kwahiyo kaka wa boda ukikata na saa tano za usingizi utapungua kweli, ila utapungua kile ulichokihangaikia.

Ndo maana mi sikati kabisa ule mwezi nikiwa zamu za usiku. Nasubiri mzunguko wa zamu ubadilike. Mwanzisha uzi anaongelea mlima, ila wodi nayo ina misimu yake.

Na nimshukuru kwa kusema juu hamu inakufa, watu wanadhani ni uzembe. Mwaka 1985 kuna watu walifungiwa kwenye chumba Marekani, hewa ikawa inapunguzwa kidogo kidogo kama vile wanapanda Everest, siku 40, humo ndani joto zuri na chakula kipo cha kuchagua, na bado walipungua kilo zaidi ya saba kwa wastani. Hawakuwa na mzigo wa mtu kichwani hao.

#6 MzeeWaVyuma

Mimi nimeanza kubeba vyuma kabla wengine humu hamjazaliwa, Sakina wananijua. Mwanzisha uzi nakupa hongera ila napinga sehemu moja kubwa. Umeandika kama vile kila mtu awe na balki na kukata. Hapana bwana. Kijana wa mwaka wa kwanza anayepiga vyuma kwa adabu, asiye na kitambi kikubwa, hana haja ya hayo. Ale vizuri, protini itimie, aongeze chuma kila wiki, mwili utapanda na tumbo litatulia kwa wakati mmoja. Hiyo zawadi unaipata mara moja maishani, na vijana wanaichezea kwa kukata eti waone sikspaki kwenye kifua kama ubao wa kufulia. Unakata nini sasa? Huna nyama unachonga mfupa!

Kuna kadirio maarufu la Lyle McDonald, mwandishi wa Marekani wa mambo ya lishe na vyuma, kwamba mwaka wa kwanza wa mazoezi ya maana mwanaume anaweza kupata kilo tisa mpaka kumi na moja za misuli, wa pili nusu yake, wa tatu nusu ya nusu. Ukishaliona hilo utaelewa kwanini wa mwaka wa tano kilo moja ni sikukuu na wa mwaka wa kwanza kilo moja ni aibu.

La pili. Miezi mitano ya kulinda ni mingi mno. Sasa unajenga lini? Masika na Novemba tu. Mimi ningekuwa wewe ningepunguza tripu mbili za Agosti nipate wiki nne za kujenga.

#7 Mgumu_Pasua

Shikamoo mzee. La kwanza nakubali mikono juu, nilitakiwa niliandike, kwenye mwaka wangu wa kwanza nilipanda kutoka 61 mpaka 69 na tumbo halikuonekana, bila mpango wowote, wali maharage na makopo ya zege.

La pili mzee wangu, tripu mbili za Agosti ni ada ya mtoto na mabati ya nyumba ya mama. Mwili jumba haulipi. Ningekuwa naishi peke yangu ningefanya hivyo hivyo unavyosema.

#8 MzeeWaVyuma

Marahaba. Basi nimenyamaza.

#9 konde_boy_wa_Usa

Uongo mtupu, hakuna nachurali kwenye huu mchezo. Jamaa yangu hapa Usa River anakata na kubalki kwa wakati mmoja, anakula mara mbili kwa siku, analala masaa manne, na bega lake ni kama mlango wa geti. Nyie endeleeni kupima viuno na futi za mafundi.

#10 MzeeWaVyuma

Nilisema nimenyamaza ila wewe umenitoa.

Huyo jamaa yako muulize anachoma nini. 1996 walifanya jaribio Marekani, wanaume 43, wiki kumi, kundi moja wakachomwa testosteroni (homoni ya kiume) miligramu 600 kila wiki wakaambiwa wasiguse chuma kabisa, wakae tu. Kundi lingine hawakuchomwa dawa, walipiga vyuma sawasawa. Waliokaa na sindano waliongeza karibu kilo 3.2 za mwili usio mafuta. Waliotoka jasho bila sindano 1.9. Aliyekaa kampita aliyesota! Na waliofanya vyote viwili walifika 6.1. Kwahiyo mtu wa sindano analala masaa manne, anakata huku bega linakua, kwake inawezekana, na mwili wake mwenyewe siku akiacha ndo atajua deni liko wapi. Nachurali akiiga ratiba yake atabaki na ratiba tu.

Huu uzi umeandikwa nachurali pale juu kabisa. Soma kichwa cha habari kabla ya kurusha ngumi.

#11 konde_boy_wa_Usa

Sawa mzee, usinipige na baa.

#12 Mwanaidi_Mbuyuni

Nauliza kwa niaba ya mume wangu, yeye hana subira ya kusoma humu. Ramadhani mwaka huu alisema ndo mwezi wa kukata, si anafunga tayari. Akamaliza mwezi kaongezeka kilo mbili na nguvu hana, sa hivi ananuna nikipika tambi. Alikosea wapi?

#13 Mgumu_Pasua

Hahaha dada usimwambie nimecheka. Alikosea pale pale mi nilipokosea na mlima, kadhani mateso ni sawa na kukata. Futari ya hapa, maharage ya nazi, tambi za sukari, magimbi, kaimati, uji wa pilipili manga na sukari yake, kalori zake zinaweza zikapita za siku nzima ya kawaida. Na kilo mbili sio zote mafuta, wanga unapoingia kwa wingi kila gramu moja inayowekwa akiba inakaa na maji kama gramu tatu.

Washkaji zangu wa jimu wanaofunga wanaiweka Ramadhani kwenye kulinda. Protini inagawanywa futari na daku, mazoezi wanapiga baada ya kufuturu, mafupi mazito, basi. Na wanakumbuka mwezi unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka kwahiyo kalenda yao ya kubalki haikai sehemu moja, wanaipanga upya kila mwaka wakishajua mfungo unaanguka wapi.

#14 Mwanaidi_Mbuyuni

Nimemsomea. Kasema "hilo nilikuwa najua". Wanaume.

#15 nesi_wa_Themi

Kabla sijalala, dada zangu wanaosoma kimya kimya. Kwetu kuna kitu kaka zetu hawakioni. Uzito unapanda na kushuka na mzunguko wa mwezi kwa sababu ya maji, kwahiyo usilinganishe wiki hii na iliyopita, linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Mi nililia juu ya mizani mara ngapi kabla ya kulijua hili. Na ukiwa unakata ukaona siku zako zimepotea na ujauzito hakuna, usishangilie kwamba umekauka. Mwili umezima taa za vyumba ambavyo unaona havina umuhimu kwa sasa maana umeme hautoshi. Simamisha kukata, ongeza chakula, nenda ukaonwe hospitali. Mifupa ndo inayolipa baadaye.

#16 chipsi_mayai_Kijenge

Nimesoma uzi wote kuanzia juu huku nakula chipsi mayai na mishkaki miwili. Nimeshiba na nimeelimika.

#17 dogo_wa_jukwaa

Wakuu mi nataka kupanda jukwaani, mashindano ya mkoa yakitokea. Nina miaka 23, kilo 78, nachurali. Nikikata wiki nane kama mwanzisha uzi inatosha? Maana nataka ile ya mishipa mpaka tumboni.

#18 MzeeWaVyuma

Wiki nane haitoshi labda uwe umeshakauka tayari. Jukwaa kwa nachurali ni miezi minne mpaka sita ya kushuka polepole. Na ujue unachokiomba. Kuna mjenga mwili mmoja nachurali wa Marekani walimfuatilia mwaka mzima, yakaandikwa 2013. Miezi sita ya kujiandaa, mafuta yakashuka kutoka asilimia 14.8 mpaka 4.5. Safi kabisa si ndiyo? Ila testosteroni yake ilitoka 9.22 mpaka 2.27, chini ya robo, na mapigo ya moyo akiwa amepumzika yakashuka kutoka 53 mpaka 27 kwa dakika. Ishirini na saba! Kaa kimya sekunde kumi uhesabu mapigo manne na nusu uone inavyotisha. Baada ya shindano alirudi, lakini haikuwa siku moja.

Mimi nimewahi kusimama jukwaani mara mbili enzi hizo. Nakumbuka siku ya pili nilikaa nje ya ukumbi nikaangalia mama mmoja anakaanga mihogo, nikakaa pale dakika arobaini, sijanunua, naangalia tu mafuta yanavyochemka. Mke wangu akaja akanishika mkono kama mgonjwa.

Kwahiyo panda, usiogope, ila panda mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili, na usijaribu kubaki na mwili wa jukwaani Jumatatu mpaka Jumapili. Ule ni mwili wa siku moja.

#19 dogo_wa_jukwaa

Mapigo 27 mzee?? Ngoja kwanza nimalize masomo.

#20 chalii_Ngarenaro

Narudi na majibu. Nimeenda kwa fundi wa Kaloleni nimepima, kiuno 97 na urefu wangu ni 174. Nusu yake 87. Kwahiyo ndo hivyo nakata. Nimeanza kuzima data saa tatu na nusu, pikipiki naingiza ndani saa tatu. Abiria wa saa nne watanisamehe. Soda mbili za mchana nimeacha, hizo tu, sijagusa kitu kingine kwanza.

#21 Mgumu_Pasua

Safi sana chalii, usiguse kingine mpaka uone wiki mbili zinasemaje. Wiki ya kwanza itashuka sana, hayo ni maji, usipige kelele. Jimu usiache, ukiacha chuma wakati wa kukata mwili hauna sababu ya kutunza misuli.

Mi kesho asubuhi niko geti la Machame, nimeitiwa tripu ya ghafla, siku saba. Tutaonana nikishuka.

#22 Mgumu_Pasua

Nimeshuka jana wakuu. Kambi ya Barafu ilikuwa upepo wa kung'oa hema, na mvua ya masika njia nzima, ndo maana tripu za mwezi huu hazina watu. Getini pale mzigo unapimwa kwa mizani, mi nikamwomba jamaa anipime na mimi, akasema panda haraka bosi asione: 73.1 na viatu vya matope. Leo asubuhi 73.6, kiuno 79. Karanga zote ziliisha siku ya nne, kosa langu, niligawa. Kwahiyo balki yangu ya masika inaanza chini kidogo ya nilivyopanga na nimekosa wiki nzima ya chuma, nitaisogeza mpaka katikati ya Juni kama hawatanipigia simu.

Chalii lete namba zako Jumapili. Mi naishia hapa leo, mama Neema fundi yuko mlangoni anadai futi yake, ana sare za shule za kupima na mi nimekaa nayo tangu Januari.